Waliokuja Kukaa na Aliye Hai

Lusajo mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuusia kuhusu blanketi, kuhusu maji ya kuchemsha, na kuhusu watu wa stendi ya Mbeya wanaokukaribisha kwa tabasamu kisha wanaondoka na begi lako. Amekuusia mara mbili, na kesho asubuhi atakuusia tena huku akikufungia maandazi. Simwingilii katika idara yake. Huko Morogoro unakokwenda kusomea ufundi wa mitambo, kama utaoga kila siku au hutaoga, hilo mtajuana wewe na wenzako wa bwenini.

Mimi nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni tangu tulipopata habari kwamba chuo kimekuchukua. Naogopa kukuacha uende. Nimeona niliseme mapema, nisizunguke kama mtu aliyekuja kuazima jembe kwa jirani akaanza kwa kusifia kuku. Si kwamba sikuamini. Ila nyumba hii ilikaribia kukupoteza ukiwa ndani yake, chumba cha pili kutoka ninapolala mimi, sembuse ukiwa mbali kiasi kile.

Tangu ulipojaribu kujiua, mimi na wewe hatujawahi kulizungumza tukiwa wawili. Umezungumza na mama yako, na bibi yako wa Suma, na Sista Halima wa hospitalini, hata na jirani yetu Mzee Anyimike. Mimi nimekuwa nikipita pembeni, nikikutania kuhusu ndevu zako tatu. Unanijua. Jambo likiwa zito mimi hutafuta cha kuchekesha, kama mtu anayetafuta kofia yake mvua ikianza. Leo nitajizuia, na pale nitakaposhindwa unisamehe.

Nianzie kiwandani. Ulikuwa kidato cha tatu wakati ule wa ruksa, kila mtu akifungua duka na kila cha serikali kikiuzwa. Kiwanda chetu cha chai nacho kikauzwa. Nilikuwa fundi wa mashine za kukaushia majani, na niliamini kabisa kwamba mashine zile haziwezi kuamka bila mimi. Wenye mali wapya walituita ofisini mmoja mmoja, wakatushukuru kwa maneno mazuri, wakatupunguza. Kesho yake mashine ziliamka kama kawaida, na mngurumo wake niliusikia kutoka kitandani.

Sikumwambia mama yako. Kila asubuhi nilivaa ovaroli, nikabeba chupa yangu ya chai, nikatoka kama mtu wa kazi. Nilikwenda kukaa sokoni Nkunga, nyuma ya vibanda vya mitumba, mpaka wenzangu waliobaki watoke zamu. Siku moja ulinikuta pale. Ulikuwa umetumwa viatu vya mdogo wako Tumpe. Tulitazamana, ukageuza shingo, nami nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Jioni tukala ndizi kwenye sahani moja na hakuna aliyefungua mdomo. Nilijiambia kijana wangu ana adabu, amenistahi. Leo nakwambia nilikuwa nakufundisha jambo baya siku ile, bila hata kusema neno. Nilikufundisha kwamba mwanamume akianguka anavaa ovaroli na kunyamaza.

Halafu ukaja mwaka wa mtihani wako, na matokeo yakawa yale. Ulipata sifuri, na mimi nikasema, "Dunia haijaisha." Nilidhani nimekufariji. Kumbe nilikuwa nafunga mazungumzo, maana mtu akishaambiwa dunia haijaisha ataongeza nini tena? Rafiki yako Gwamaka, ambaye hata kidato cha pili hakukimaliza, akarudi kutoka Tunduma na redio kubwa begani na viatu vyeupe, akapita hapa kwetu mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima. Yule binti wa Nkunga uliyekuwa ukimsindikiza akaacha kuja kwaya, na wewe ukaacha kwaya baada yake. Ukawa unalala mchana na kukesha usiku. Ukampa Tumpe mpira wako, ule ambao zamani ulikuwa hutaki hata aukanyage.

Nilikuwa nayaona yote hayo, Lusajo, usidhani sikuyaona. Kila moja nililipa jina lake. Usingizi niliuita uvivu, kuacha kwaya nikaona ni ujana, na mpira nikasema mtoto amekua, anajifunza kumgawia mdogo wake. Sikuwahi kuyaweka pamoja nikayatazama kwa mara moja.

Ndipo ikaja siku ile tunapalilia mahindi. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Ukasimama, ukaegemea jembe, ukasema, "Baba, nisingekuwepo mimi mzigo wako ungepungua." Ulisema taratibu, na ulinitazama machoni, jambo ambalo hukuwa umelifanya kwa muda mrefu. Nami nikajibu, "Ungepungua kweli, mkungu wa ndizi ungemaliza wiki nzima humu ndani." Nikacheka. Na wewe ukacheka kidogo, ukarudi kwenye palizi.

Nimelima shamba lile misimu kadhaa tangu hapo, na nikifika kwenye mstari ule bado nasikia kicheko changu. Ulikuwa umenibishia hodi, mwanangu, na mimi nikakujibu kwa mzaha. Naomba unisamehe. Sikuombi unijibu leo.

Siku chache baadaye ukachangamka ghafla. Ukafagia uwanja, ukamtania mama yako, ukala vizuri. Tulishukuru Mungu, tukasema kivuli kimepita. Sista Halima alinieleza baadaye kwamba utulivu wa ghafla namna ile, kwa mtu aliyekuwa amezama, si wa kushangilia haraka. Ni wa kumsogelea na kumuuliza. Sisi tulishangilia. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, na sitayaandika hapa. Nitaandika tu kwamba mama yako aliwahi, na kwamba jirani mwenye gari hakuuliza swali hata moja.

Hospitalini nilidanganya. Nilisema umekula kitu kibaya bila kujua. Niliogopa polisi, maana sheria inasema ni kosa, na niliogopa midomo ya watu kuliko hata polisi. Sista Halima, yule muuguzi aliyeletwa kwetu kutoka Kondoa, akanivuta pembeni ya korido. Akaniambia, "Baba Lusajo, mimi si askari. Niambie kweli nijue namna ya kumsaidia mwanao." Nikamwambia. Alikuwa mtu mzima wa kwanza kuambiwa kweli na mimi tangu nipunguzwe kazi, na nililia pale ukutani mbele ya watu waliokuja kuona wagonjwa wao.

Nilimuuliza ni nini hasa kilichosababisha. Nilitaka kitu kimoja ili nikichukie. Nilikuwa nimejiandaa kuuchukia mtihani, au binti wa Nkunga, au viatu vyeupe vya Gwamaka. Kulikuwa na ndugu walionong'ona habari za laana ya ukoo, na hata hiyo nilikuwa tayari kuichukia. Sista akatikisa kichwa. Akasema mara nyingi si kitu kimoja. Ni mambo mengi yanayomkuta mtu kwa wakati mmoja, na juu yake ugonjwa wa huzuni, wa moyo kuzama, ambao ni ugonjwa kama mwingine na una matibabu, na baya kuliko yote ni mtu kuona hana wa kumwambia. Akaniuliza, "Wewe ulimuuliza kama anafikiria kujiua?" Nikamwambia, "Mama, ningemuulizaje? Si ningemtia wazo kichwani?" Akasema, "Hapana. Kama wazo lipo, unampa mahali pa kulitua. Kama halipo, atakushangaa tu, na mtu kushangaa hakumuumizi."

Akatuagiza mambo mawili turudipo nyumbani. Vitu vyote vya hatari, vya shambani na vya kabatini, viondoke viende kufungiwa kwa mtu mwingine. Na wewe usiachwe peke yako. La kwanza nililifanya jioni ile ile. La pili nililiharibu.

Nililiharibu kwa sababu nilifunga mlango. Watu wa hapa kijijini Lufingo walipokuja kukujulia hali niliwasimamisha uwanjani nikawaambia malaria imekupanda kichwani, daktari amekataza usumbufu. Wakarudi. Hapa kwetu mtu akifa hakuna anayebaki kwake: ndizi zinakuja, kuni zinakuja, wanaume wanalala nje kwenye moto na baridi hii ya Rungwe, wanawake wanajaza nyumba mpaka huoni pa kuweka mguu. Mimi nimekaa misiba ya watu ambao hata majina yao ya ukoo siyajui. Na mwanangu akiwa hai nikamfungia watu nje, nikaita kufanya hivyo heshima ya nyumba.

Bibi yako akapata habari Suma. Sijui nani alimwambia, na nilipomuuliza alisema ameambiwa na miguu yake. Unakumbuka wewe ulikuwa ndani na blanketi, lakini yaliyotokea barabarani huyajui yote, acha nikusimulie. Alikuja na mkeka kichwani, nyuma yake shangazi zako wawili na mikungu ya ndizi, nyuma yao kijana na mzigo wa kuni. Sasa niambie, mtu wa Lufingo akiona msafara wa namna hiyo unapanda kilima atafikiri nini? Mzee Anyimike alikimbilia ndani kuvaa koti lake la misibani. Mama Sekela, ambaye hakuna mwanamke anayemfikia kwa kulia, alianza kilio kule kwenye kona ya daraja. Bibi yako akageuka akamkemea, "Gwe! Nyamaza! Unamlilia nani? Hakuna aliyekufa!"

"Mwe bandu, enyi watu," akasema Mzee Anyimike huku akihangaika na vifungo vya koti, "sasa kama hakuna aliyekufa, mama, hizi ndizi za nini?"

Bibi yako akatua mkeka katikati ya uwanja wangu. Akasema, na kila mtu akasikia, nami nikatamani ardhi inimeze: "Mjukuu wangu alitaka kufa. Si malaria. Angekufa mngekuja wote, mngeleta ndizi na kuni, mngelala hapa. Sasa yupo hai, mmemwachia nani? Maiti hali ndizi. Huyu anakula. Kaeni."

Walikaa. Mtu mmoja akawasha moto. Mwinjilisti akafika na Biblia yake, akakohoa kidogo kujiandaa, bibi yako akamkabidhi kisu. "Mwinjilisti, menya ndizi kwanza. Mahubiri yana Jumapili yake." Akamenya, maskini, na alimenya nyingi. Bibi alikuwa na masharti yake: hakuna kumuuliza kijana kwa nini, hakuna kumwambia wenzake wana shida kuliko yeye, hakuna kumtajia dhambi. Atakayetaka kusema aseme ya kwake. Asiye na la kusema achochee moto.

Wewe ulikuwa hutoki. Tulikusikia tu ukigeuka kitandani. Lakini wale watu walirudi siku ya pili, na siku zilizofuata, wakipeana zamu wenyewe bila mtu kuwapanga. Mama Sekela alikuwa akija kuketi mlangoni pako akichambua maharage. Mzee Anyimike akawa anasema kwa sauti yake ile ya kusikika ng'ambo ya mto, kwamba mwaka aliofiwa na mkewe, kahawa nayo ikiwa haina bei, hata yeye alifika mahali hapo hapo. "Nilimwambia mbuzi wangu," alisema. "Watu hawakuwa na nafasi. Mbuzi alinisikiliza vizuri, lakini mbuzi hajui kumwita mtu." Watu walicheka, na sikuwa mimi niliyewachekesha.

Ndipo nami nikasema. Niliwaeleza habari ya ovaroli na vibanda vya Nkunga. Mama yako alikuwa amesimama na sufuria mkononi, akanitazama, akasema tu, "Nilijua. Nilikuwa nangoja uniambie." Hebu fikiria! Nyumba moja, watu watatu tunajua jambo moja, na kila mmoja anamficha mwenzake.

Kumbe ulikuwa unasikiliza. Asubuhi moja ulitoka na blanketi lako, ukaketi kando ya Mzee Anyimike, ukachukua ndizi ukaanza kumenya. Ukamwambia, "Mzee, mimi sikuchoka kuishi. Nilichoka kuwa hivi." Akakujibu, "Ndaga fijo, mwanangu, kwa kusema." Basi. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikipasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa.

Sitaki nikuandikie kana kwamba mbalaga ya bibi yako, zile ndizi za kupikwa, ndiyo iliyokuponya. Ulirudi kwa Sista Halima mara nyingi, ukapelekwa kwa daktari, ukanywa dawa, na kuna wiki ulikuwa unatembea vizuri na wiki nyingine ulikuwa huinuki. Kabla ya mavuno ya mwaka jana lile jambo lilirudi. Ila safari ile ulimfuata mama yako jikoni ukamwambia, "Mama, leo si nzuri." Maneno manne tu, naye akaacha alichokuwa akikifanya. Mlikaa wote mpaka jioni, kesho yake mkaenda hospitali. Mwanangu, mimi sijawahi kukuonea fahari kama siku ile. Hata siku ulipopasi mtihani wa kurudia, na uliona nilivyoruka uwanjani mpaka kiatu kikatoka, sikukuonea fahari kiasi hicho.

Sasa kesho unakwenda mahali ambapo hakuna Mama Sekela mlangoni. Nilifikiria kumwandikia mkuu wa chuo nimweleze. Nilifikiria hata kumtuma binamu yako akuchunge. Mama yako akaniambia, "Unataka kufunga mlango tena?" Ameshinda. Habari hii ni yako, utamwambia unayemtaka. Ninachokuomba ni kwamba awepo. Mtafute mtu mmoja huko, mwalimu, au muuguzi wa chuo, au kijana mwenzako wa kitanda cha jirani, umwambie mapema, siku ambayo bado ni nzuri. Siku mbaya ikifika kinywa huwa kizito, unajua hilo kuliko mimi.

Na ukizidiwa, nenda posta ututumie telegramu, hata ya neno moja, "Njoo." Nitapanda basi la kwanza, na sitakuuliza nauli nimeitoa wapi wala mtihani unaanza lini. Kabla sijafika usikae peke yako. Mwamshe mtu. Mtu aliyeamshwa usiku hununa kidogo, kisha hulala tena siku nyingine.

Utakutana pia na vijana wengine huko. Yupo atakayepata sifuri, yupo atakayeachwa, yupo ambaye nyumbani kwao baba anavaa ovaroli asubuhi. Atasema neno lake akiwa ameegemea kitu, kwa sauti ya kawaida kabisa. Usimjibu nilivyokujibu mimi. Keti naye. Muulize waziwazi, kisha usimwache mpaka apatikane wa kumsaidia, maana si mzigo wa kubeba wewe peke yako.

Sikukuahidisha kamwe kwamba hutajaribu tena, na hata leo sikuahidishi. Ahadi ya namna hiyo ingekufanya unifiche siku ambayo imekushinda. Nataka uniahidi tu kwamba utasema.

Bado kuna jambo ambalo sijalifanya. Sista aliniuliza kama nilikuuliza, na miaka inapita, jibu bado ni hapana. Wameuliza wengine. Mimi nimeuliza kuhusu ndevu. Kwa hiyo barua hii sitakupa kesho stendi uisome ukiwa umekwisha kuondoka. Naisukuma chini ya mlango wako sasa hivi, taa yako ikiwa bado inawaka.

Lusajo, siku hizi unafikiria kujiua?

Nimeliandika, na limeandikika. Kama jibu ni ndiyo, begi linarudi ndani, chuo kitangoja, na hakuna mtu katika nyumba hii atakayeona aibu. Kama ni hapana, nitalibeba mwenyewe mpaka stendi, na ukirudi likizo nitakuuliza tena, na likizo itakayofuata pia. Utanichoka, mimi sitachoka.

Nipo jikoni, moto bado upo. Njoo unijibu.

Baba yako